Suruali ya Maduhu Haifungwi Mkanda

Katoro, Geita
11 Februari 2024

Kwa Bibi Philomena, mke wangu wa Ibadakuli,

Shikamoo. Najua mume hamwamkii mkewe hivyo, ila wewe ni mke niliyerithishwa ukiwa tayari na mvi, kwa hiyo ipokee tu. Huku hatujambo. Esta ni mjamzito na kila jioni ananituma udongo wa kula, kana kwamba vumbi la Katoro halitoshi. Wema ameanza darasa la kwanza na tayari anamsahihisha mwalimu wake, tabia ambayo sisemi ameitoa kwa nani. Karasha langu linasaga mawe ya dhahabu tangu alfajiri, na kila anayeleta mawe ananiita bosi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka wachimbaji wakatoka mbio wakidhani shimo limetitia, na wewe ukanijibu kuwa nyanya zimeiva. Barua hii nampa Amosi, kondakta wa basi la Shinyanga. Kwa kuwa ni jirani yako hapo Ibadakuli, majibu mpe yeye.

Sasa jambo lililonishikisha kalamu. Mwezi wa nane babu Maduhu anatimiza mwaka tangu tumzike. Haiwezekani mtu aliyewachezesha soul na disko watu wa Shinyanga, Kahama mpaka Mwanza, tukamkumbuka kwa misa na wali. Nimeunda kamati. Tutafanya tamasha kubwa hapa Katoro, jina lake "Maduhu, Sauti ya Taifa", na mheshimiwa yule aliyekuja msibani amekubali kuwa mgeni rasmi. Kuna kijana wa Mwanza atafuatisha nyimbo za babu kwa mdomo huku santuri inapigwa. Hakosei hata pumzi. Tunachapa na kijitabu cha historia. Humo tumeeleza kuwa staili yake ya Pandisha, ile ya kupandisha suruali jukwaani, ilikuwa ishara ya kuinua hali ya mkulima wa pamba.

Ninachoomba ni suti yake ya kumeta, yenye suruali ya bugaluu, kijana aivae. Na wewe kama mjane wa marehemu utakaa kiti cha mbele.

Mumeo kijana,
Onesmo


Ibadakuli, Shinyanga
25 Februari 2024

Mume wangu Onesmo,

Marahaba. Mume anayetaja mvi za mkewe kwenye mstari wa kwanza hafiki mbali, lakini salamu ni salamu. Mimi mzima. Mahindi ya upande wa barabara yamenyauka, ya upande wa kisima yanatia matumaini. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Majirani wanalalamikia kelele za mitambo inayojenga uwanja wa ndege, mimi naona tu sufuria zinatikisika. Mwambie Esta udongo mwingi humfanya mtoto azaliwe na hasira. Nimempa Amosi michembe yenu, viazi vya kukausha. Kifuko kikifika nusu, jua nusu nyingine imeliwa Kahama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya kucheka. Sauti ya Taifa! Taifa lipi? Babu yako alifika Dodoma mara moja, akaumwa tumbo, akarudi bila kuimba.

Na hiyo Pandisha yenu, ishusheni. Bendi ilishonewa suti, fundi akachanganya vipimo. Suruali ya Muhidini mpiga tarumbeta, mwenye tumbo la kutangulia, akapewa babu yako aliyekuwa mwembamba kama fito. Ya babu yako ilimpasukia Muhidini siku ya kwanza, mbele ya walimu wa kike. Fundi alikwishahamia Tabora na hela zetu. Basi Maduhu akaimba miaka yote akiokoa suruali. Mkanda aliukataa, alisema unabana pumzi na soul inataka tumbo huru. Akifika ubeti wa pili lazima suruali ianze kuteremka, naye anaipandisha, kushoto, kulia, kushoto. Vijana wakadhani ni staili. Mji mzima walipita wakipandisha suruali zilizokuwa zimewabana. Mkulima wa pamba hakuwamo kabisa.

Suti iko kwa dobi. Na huyo mjane unayemtafuta simfahamu. Nyumba hii anaishi mke wa Maduhu.

Ni mimi,
Philomena, mke wa Maduhu


Katoro
17 Machi 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo tena. Michembe ilifika nusu. Mvua imeharibu barabara ya karasha, lori moja limelala ubavu tangu Jumanne na dereva naye amelala ndani yake. Wema anakuulizia, anataka mbuzi mmoja kati ya wale mapacha.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati. Walicheka sana, kisha mwenyekiti akasema historia lazima iwe na heshima. Mkulima wa pamba atabaki. Mheshimiwa hawezi kusimama kwenye jukwaa lililopambwa picha ya mtu anayeshikilia suruali kwa kuwa inadondoka. Tena huu wimbo wake mkubwa, "Nisubiri Kagongwa", tumeandika kwamba unafundisha uvumilivu katika ujenzi wa nchi. Kama una la kuongeza, ongeza, ila liwe la kuongeza kweli, usije ukapunguza.

Kuhusu suti: Amosi amepita kwa dobi wako. Dobi anasema hajawahi kuiona, na angeiona asingeisahau.

Wako mtiifu,
Onesmo


Ibadakuli
7 Aprili 2024

Mume wangu mpelelezi,

Marahaba. Tumeadhimisha Pasaka vizuri. Mbuke, shangazi yako, yuko hapa na mguu wake mbovu. Anakusalimu na kusema suruali ulizowaahidi wanawe bado wanazingoja. Mbuzi wa Wema nimeshamtenga, ni yule mkaidi. Mahindi ya upande wa kisima nayo yamebadilisha mawazo.

Uvumilivu katika ujenzi wa nchi! Nilimsubiri Kagongwa mimi, na sikujenga nchi, nilijenga hasira. Tulikubaliana tukutane pale njia panda, twende kwa wazazi wake wakanione. Nilikaa juu ya mfuko wa mchele na kitenge kipya mpaka wenye maduka wakanizoea, wakaanza kunituma chenji. Mwenzangu alikuwa amepanda lori lisilo lake kwa sababu dereva alikuwa na kaseti nzuri. Akalala usingizi, akaamkia Isaka. Alipotokea kesho yake niligoma kusema naye. Akakaa chini pembeni yangu akatunga ule wimbo palepale, kuniomba msamaha, na hata msamaha wenyewe aliukosea, maana anayeombwa kusubiri alikuwa ameshasubiri. Andikeni hilo.

Suti imeliwa na panya kidogo begani, ninaishona. Unajua Muhidini bado yupo hapo hapo Kagongwa, anauza mchele? Alikuja kwenye maziko ya rafiki yake na akaambiwa akae chini. Nadhani unamkumbuka aliyemwambia. Tuyaache.

Philomena, mke wa Maduhu


Katoro
21 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Sote wazima, Esta anavimba miguu, lori limenyanyuliwa.

Sasa suti yako ina safari nyingi kuliko mbunge. Ilikuwa kwa dobi, ikaliwa na panya, na juzi Amosi alipokuletea sukari ameiona kwa macho yake. Anasema umeivalisha kiti pale mezani, mkabala na kiti chako, imekaa wima bila tundu hata moja, na mbele yake kuna kikombe cha chai. Bibi, unainywesha suti chai? Inataka sukari kiasi gani? Esta anasema nisikutanie kwa hili, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bibi na mjukuu hawana la kufichana. Kama unaumwa sema tukupeleke hospitali.

Na kuhusu Muhidini sitaki lawama. Mzee mzima alivaa kofia ya marehemu mbele ya jeneza akaanza kukohoa kama marehemu. Mheshimiwa alikuwa amekaa pale na miwani yake. Nilikuwa nimegharamia mazishi yale, MC na wabeba jeneza wenye glovu nyeupe, halafu yageuke kichekesho cha kijijini? Nilifanya ambalo mtu yeyote mwenye heshima angefanya.

Tuma suti.

Onesmo


Katoro
2 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Amosi anarudi kila safari mikono mitupu, hata michembe hakuna. Anasema umempungia mkono tu kutoka mlangoni na hukumkaribisha.

Barua ile ya Aprili niliiandika nikiwa na hasira za lori. Neno la hospitali nalifuta. Niambie tu kama unakula.

Onesmo


Ibadakuli
16 Juni 2024

Onesmo,

Marahaba. Nakula. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nachagua maneno, na yaliyokuwa yanakuja kwanza si ya kuandikiwa mtoto wa mwanangu.

Nitakueleza mara moja, kisha turudi kwenye matusi yetu ya kawaida. Mtu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akamsema uongo wake na ubahili wake mbele ya watu wote. Sisi wafiwa hucheka, na katikati ya kucheka ndipo kilio kinapotoka, maana umemwona mtu wako mara ya mwisho kama alivyokuwa. Hicho si kichekesho cha kijijini. Muhidini ni Mzaramo, mtani wetu Wasukuma tangu enzi za wapagazi, na zaidi ya hapo ndiye aliyemjua Maduhu kuliko yeyote isipokuwa mimi. Alipovaa ile kofia akakohoa, nilianza kufunguka hapa kifuani. Ukanyanyuka wewe na tai yako ukamkalisha.

Kisha MC akasoma wasifu. Mimi simsikii MC. Masikio yangu yaliisha kwenye mabugi, yale madansi ya babu yako. Kila Jumamosi mchana nilikaa kando ya spika kubwa ili niwaone vizuri wanawake waliokuwa wakimrushia leso. Niliwaona wote, na spika ikachukua malipo yake. Siku hizi redio ikimpiga, Mbuke ananionyesha kwa kidole kwamba huyo ni Maduhu, na mimi naona redio. Kijana wako wa Mwanza ahemee santuri au ahemee debe, kwangu ni ukimya ule ule. Maduhu niliyebaki naye ni wa macho tu. Siku ya kuagana naye kwa macho mliniwekea mtu wa kusoma karatasi.

Sikulia, Onesmo. Mpaka leo sijalia. Nakaa na suti mezani kwa sababu mtu ambaye hajaagwa utamwondoaje kwenye kiti chake? Ninajua si yeye, sijachanganyikiwa. Chai naimwaga baadaye na kuinung'unikia.

Mjukuu naye ni mtani wa babu yake. Nitakupa nguo hizo siku utakaponiambia utazivaa wewe, si kijana wa kukodi, na utazivaa kumtania, si kumsifu. Sifa anazo nyingi, zimejaa kwenye kijitabu chenu.

Philomena, mke wa Maduhu


Katoro
30 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Esta amejifungua salama, msichana, na kweli amezaliwa na hasira. Tumempa jina Bernadina, la mama yake Esta, usinung'unike, zamu yako itafika.

Barua yako sikuisoma mbele ya kamati. Nimeielewa. Lakini unaniomba jambo ambalo siliwezi. Mimi hapa nina watu chini yangu. Nikipanda jukwaani nikakohoa na kushikilia suruali mbele ya wachimbaji wote wa Katoro, kesho yake nani atakayeniita bosi? Nani ataniogopa? Sauti sina, kucheza sijui, na mheshimiwa ameshathibitisha. Niombe kingine chochote. Nikujengee kaburi la marumaru.

Onesmo


Ibadakuli
14 Julai 2024

Mume wangu bosi,

Marahaba. Wabeja, ahsante sana kwa mtoto, mpe busu na umwombe radhi kwa jina. Marumaru kajengee choo.

Ndani ya mfuko huu kuna suruali peke yake. Koti linabaki hapa kitini, koti halijawahi kuwa na kosa. Kama huivai, mrudishie Amosi. Sitauliza tena.

Philomena, mke wa Maduhu


Katoro
28 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Watoto wazima. Bernadina analia usiku kucha, Wema anasema tumrudishe tulikomtoa.

Niliivaa suruali jana chumbani, kwa kujaribu tu. Inanipwaya. Nimekula vizuri miaka yote hii hapa Katoro na bado tumbo la Muhidini limenishinda. Esta alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikajiona kwenye kioo nikiwa nimeishika kiunoni, na aliyekuwa kwenye kioo hakuwa mimi. Nikakaa kitandani. Esta akaacha kucheka.

Nimenunua mkanda.

Tamasha litakuwa Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, saa nane mchana kama mabugi ya zamani, hilo nililipigania. Kijana wa Mwanza amepata kazi kwenye harusi na mimi sikumbembeleza. Nilipita Kagongwa kumwomba Muhidini aje na tarumbeta. Alinipimia mchele tu, akanizidishia. Njoo, Bibi. Sikuahidi kitu. Njoo tu.

Onesmo


Ibadakuli
25 Agosti 2024

Mume wangu Onesmo,

Marahaba, hata kama hukuniamkia siku ile kwa haraka zako. Nimefika salama. Amosi alininunulia karanga Kahama akazila mwenyewe. Mbuzi wa Wema amekula kitenge cha Mbuke, na Mbuke anasema ni ushahidi kwamba mbuzi anafaa kuja huko kwenu. Mahindi sina la kusema.

Nimekaa nikifikiri nianzie wapi. Nianze na mheshimiwa, maana ndiye uliyekuwa unamwogopa. Nilikuwa namtazama yeye ulipotoka nyuma ya pazia. Ulipokohoa kile kikohozi cha Maduhu, cha mtu anayetaka watu wajue ameingia, yeye ndiye aliyeanza kucheka, na miwani ikamdondoka. Wachimbaji wako wakamfuata. Kumbe mtu mliyenikatizia kilio kwa ajili yake alikuwa anangoja ruhusa tu.

Ulifuta jasho kwa leso ukaisahau begani. Ulisimamisha bendi katikati ya wimbo ukamgombeza Muhidini kwa kidole, na Muhidini akageuka akakupa mgongo, kama walivyokuwa wakifanya kila Jumamosi. Niliona mgongo wa Muhidini unatikisika, na hakuwa anacheka.

Halafu ukaangalia kwenye spika. Nilikuwa nimekaa pale pale, kando yake, kiti chenu cha mbele nilikiacha wazi. Uliangalia haraka, kwa jicho moja, jinsi alivyokuwa akiangalia kuona kama nimekasirika kwa ajili ya zile leso. Hilo sikukuandikia, wala Muhidini halijui. Uliliona wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ukajifanya hukuliona. Na mkanda sikuuona popote. Wabeja, ng'wanawane, mwanangu.

Sikusikia hata neno moja. Lakini suruali ilipoanza kuteremka nawe ukaipandisha, kushoto, kulia, kushoto, nilijua umefika ubeti wa pili wa "Nisubiri Kagongwa", nikauimba na wewe mpaka mwisho. Esta anasema niliimba kwa sauti kubwa na kulia kwa sauti kubwa zaidi, na kwamba watu walidhani nimeugua. Nililia mpaka kanga yake ikalowa. Mwambie nitamnunulia nyingine.

Niliporudi nyumbani nilikiosha kile kikombe nikakirudisha kabatini. Koti nimempa Amosi akuletee, likutane na suruali yake. Ole wako umpe fundi apunguze kitu.

Na sasa msomee mwenyekiti wa kamati yako: kijitabu kikichapwa tena, pale mwishoni wanaweza kuniandika walivyotaka.

Ni mimi,
Philomena, mjane wa Maduhu